Kiatu Kikiruka, Msigeuke

Mheshimiwa Shefu wa zoni, Bwana Direkteri wa shule yetu pamoja na walimu wako, Sheikh wetu na Pasta wetu, mliokubali kukaa benchi moja lisilo na mgongo, ndugu wageni waalikwa mliotoka Ngagara na Gihosha, na sisi wa hapa Kinama tuliokuja kwa miguu, wazazi wenzangu, majirani zangu wa parseli, nyote nawaona, na wewe, Madamu Léocadie, ambaye kwa ajili yako tumevaa hivi: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, mwiriwe.

Mi ninaitwa Assia, lakini hapa hakuna anayenijua kwa jina hilo. Mi ni Mama Waridi. Wazazi wa darasa hili, la watoto wetu ambao wengine hawasemi kabisa na wengine wanasema neno lilelile asubuhi hadi jioni, wamenituma niseme kwa niaba yao, tunapomuaga mwalimu wetu anayekwenda Gitega kufungua darasa jingine kama hili. Karatasi hii naishika kwa mikono miwili. Shule niliiacha ningali mdogo na nimeandika polepole, kwa hiyo mkiniona nasimama katikati ya mstari, msinipigie makofi mkidhani nimemaliza.

Kabla sijaendelea, nina ombi. Kwa sababu tumetandika mikeka, mmevua viatu na kuvipanga pale mlangoni, safi kabisa, kama vya dukani. Binti yangu Waridi ameviona. Na mimi nimemwona akiviona. Basi nawaomba wote, wakubwa na wadogo: kiatu kikiruka, msigeuke. Msiseme "yoo". Msicheke. Msimwite jina. Endeleeni kunitazama mimi, hata kama hakuna cha kutazama. Sababu yake ndiyo hotuba yangu yote.

Ndugu zangu, sisi tunakaa parseli moja yenye milango mitatu na uwanja katikati. Mlango wa kwanza ni wetu, mimi na mume wangu Uthmani. Wa pili ni wa Mama Prodige, mama wa Uvira, mwimbaji wa kwaya, mtu ambaye akipika maharage parseli nzima inashiba. Wa tatu ni wa mwenye parseli mwenyewe, Mzee Chabani, fundi wa magari, ambaye amezoea kusema kwa sauti ya kushinda injini, na injini ikizimwa anaendelea kusema vilevile.

Kwetu mtu haingii ndani na viatu. Vinabaki mlangoni. Na binti yangu Waridi, ambaye sasa ana miaka minane na hajawahi kutamka neno, alikuwa akivirusha. Kimoja juu ya bati, kingine nyuma ya ukuta, na nyuma ya ukuta, mnaopajua kwetu mnajua, kuna mtaro. Na unafikiri parseli ilikaa kimya? Kikiruka kimoja, milango yote inafunguka.

"Waridiii! We mutoto, we!"

"Yoo, kiatu yangu ya kazi!"

"Mushike, Mama Waridi, mushike, anachukua ya pili!"

"Waridi! Waridi! Wacha hiyo!"

Na watoto wa jirani wanapanda ukutani kuangalia, na mi natoka na mikono ina sabuni, nakimbia, namfukuza, nasema na yeye, namwomba, namfokea. Yeye mwenyewe anasimama katikati ya uwanja, mikono wazi, anacheka kama bibi arusi aliyeona ngoma imefika. Wengine waliniambia ana jini. Wengine waliniambia hajapata kiboko cha kutosha. Dada yake Uthmani alisema mtoto huyu anatuchukia. Mi nilikuwa nasema hapana, huyu hanichukii, lakini sikuwa na la kuweka mahali pa hilo neno.

Halafu ikaja siku ya maulidi nyumbani kwetu. Walikuja watu wazima, watu wa heshima, wakavua viatu. Sitasimulia. Sheikh yuko hapa, yeye anajua alirudi nyumbani na nini miguuni.

Kesho yake mume wangu alirudi kutoka sokoni na kufuli. Kufuli zito, la chuma. Akaliweka juu ya meza. Nikamuuliza:

"Baba Waridi, hilo la nini?"

"La chumba cha nyuma."

"Na ndani ya chumba cha nyuma kutakaa nini?"

Akatazama chini. "Wageni tu wakija, Assia. Wageni tu."

Wazazi wenzangu, mnajua "wageni tu" inavyokuwa. Inaanza wageni. Baadaye inakuwa siku ya sokoni. Baadaye inakuwa mchana wote. Na mtaa unasahau kwamba nyumba ile ina mtoto wa kike. Uthmani si mtu mbaya, yuko pale, ndiye yule mwenye shati la bluu anayenikazia macho. Alikuwa mtu aliyechoka kuokota viatu vya watu mtaroni na kuomba msamaha. Lakini kufuli ni kufuli. Alipigilia msumari karibu na mlango wa chumba kile, akalitundika. Na mi kila nikipita nililiona.

Hapo ndipo Madamu Léocadie alipokuja nyumbani.

Nilitegemea atakuja na dawa, au na maneno makali. Alikuja na kiti chake kidogo cha kukunja, akakiweka kivulini, akakaa. Akatazama. Kiatu kikaruka, tukakimbia, tukapiga kelele kama kawaida, yeye amekaa. Mama Prodige akaniinamia sikioni:

"Huyu ndiye mwalimu? Anakaa tu kama mutu anangojea basi."

Ilipotulia, akaniita. "Mama Waridi, kabla ya kiatu kuruka, kulikuwa na nini?"

Nikasema hakukuwa na kitu. Mi nilikuwa nafua. Mama Prodige alikuwa ndani. Mzee alikuwa chini ya gari.

"Na baada ya kiatu?"

"Baada ya kiatu wanakuja watu wote."

"Wanasema nini?"

"Wanamwita jina, Madamu. Wanalia na jina lake."

Akaniuliza swali ambalo nalileta kwenu kama lilivyo, maana mi bado linanikaa kifuani: "Na asiporusha kiatu, nani anamwita jina?"

Mheshimiwa, ungejibu nini? Ndugu Direkteri, ungejibu nini? Mtoto mtulivu, amekaa pembeni anachezea kamba, kila mtu anapita anasema alhamdulillahi, leo ametulia, tumwache. Tulimwacha. Mtoto asiye na neno hata moja la kutuita alikuwa amepata njia moja tu ya kuleta parseli nzima karibu yake, na njia hiyo ilikuwa kiatu. Sisi ndio tuliomlipa, kila mara, na kwa sauti.

Madamu akatufundisha kazi ambayo kwa Kifaransa ina jina refu na mi naliita kuzima. Alinionyesha mbabula yangu yenye makaa, akasema: "Hii unaweza kuizima kwa kuimwagia maji, lakini itapiga mvuke, itakuunguza, na udongo wake utapasuka. Kumpiga mtoto na kumfokea ni hivyo. Au unaacha tu kuongeza makaa." Makaa yetu yalikuwa nini? Ni ule mkutano. Ni macho, mbio, kelele, jina. Kwa hiyo kiatu kikiruka, hakuna anayetoka, hakuna anayetazama, hakuna anayesema. Kiatu kitaokotwa baadaye, bila hotuba.

Lakini sikilizeni vizuri nusu ya pili, maana kuna wazazi wanabeba nusu ya kwanza tu na wanaondoka nayo wakifurahi kwamba wamepewa ruhusa ya kumpuuza mtoto. Apana. Madamu alisema: tunapuuza kiatu, hatumpuuzi Waridi. Akamfundisha njia nyingine. Aweke kiganja chake juu ya kiganja chako. Akiweka, hapohapo, hata kama ugali unaungua, unageuka, unamtazama, unamwita jina kwa furaha yote uliyo nayo. Jina lile lile. Tumelihamisha tu mahali.

Tukakutana uwanjani, milango yote mitatu, tukakubaliana. Mzee Chabani akasema, "Mimi ninyamaze? Katika parseli yangu?" Mama Prodige akamjibu, "Baba, jaribu tu, pengine utaipenda." Tukacheka, tukapeana mikono.

Na kazi ikakataa.

Ilikataa namna ambayo ni sisi tu tungeweza kuikosea. Kiatu kiliruka, mi nikaendelea kufua, Mzee akabaki chini ya gari lake, na Mama Prodige, ambaye aliahidi kutosema neno, hakusema neno na mtoto. Alisema na Mungu. Alitoka mlangoni, akainua mikono juu ya kichwa cha binti yangu, akaanza:

"Ee Yesu, muangalie Waridi! Waridi wako, Bwana! Mushike Waridi mikono yake, Waridi, Waridi, Waridi!"

Na kila kiatu kikawa na maombi yake. Waridi alifurahi jinsi gani! Zamani alipata kelele, sasa anapata ibada kamili, na jina lake ndilo kiitikio. Nilishindwa nimwambie nini, maana unamwambiaje mtu asimwombee mtoto wako? Nilimwogopa Mungu, nikamwogopa na jirani. Ni Madamu aliyekwenda kukaa naye, akamshika mkono, akamwambia: "Mama Prodige, maombi yako tunayahitaji sana. Lakini Mungu anasikia hata ukimwomba ndani, moyoni, mlango umefungwa. Na ukitaka kumwombea kwa sauti, mwombee akileta kiganja." Mama Prodige akafikiri. Akasema, "Kumbe nilikuwa naongeza makaa na Biblia mukononi." Tangu siku hiyo anaomba kimya, na wanaokaa karibu naye wanasema midomo inatembea tu.

Basi tukadhani tumepata. Ndugu zangu, ndipo ikazidi.

Hili nalisema polepole, kwa wazazi wapya, maana hapa ndipo wengi wanaanguka. Ukiacha kuongeza makaa, moto hauagi kwa adabu. Waridi alipoona kiatu kimoja hakileti watu, alirusha viwili. Viwili visipoleta, alirusha vyote. Akarusha mfuniko wa sufuria, akarusha ndara zangu za kuogea, akapiga ukelele ambao hatujawahi kuusikia. Vitu vizito na vya kukata tulikuwa tumeshaviingiza ndani, Madamu alituambia mapema, maana kunyamaza si kuacha mtoto aumie au aumize. Watu waliopita njiani walisema, "Huyo mama ni kiziwi?" Uthmani alikuwa anatembea mlangoni kwenda na kurudi, na kila akigeuka macho yake yanapita kwenye msumari. Nikamkimbilia Madamu, nalia.

"Madamu, umeniharibia mutoto. Alikuwa anarusha viatu, sasa anarusha nyumba."

Hakucheka, na hakukasirika. Alisema: "Mama Waridi, anagonga kwa nguvu kwa sababu mlango aliouzoea haufunguki. Ukiufungua leo kwa kuwa amegonga sana, utakuwa umemfundisha kwamba ndivyo mlango unavyogongwa. Vumilia. Na kiganja, kiganja usikikose hata mara moja."

Nikarudi, nikavumilia. Sitawadanganya kwamba nilikuwa jasiri. Nilifua nguo zilizokuwa safi tayari, ili tu mikono yangu iwe na kazi.

Na sasa nimsifu mtu ambaye hapendi kusifiwa. Ilikuwa Ijumaa. Mzee Chabani ameoga, amevaa kanzu yake nyeupe, amejipaka mafuta mazuri, anatoka kwenda msikitini. Akatazama mlangoni, viatu vyake vipya vya ngozi havipo. Vilikuwa vimeshavuka ukuta. Waridi amesimama katikati ya uwanja, anamtazama, anangoja. Mi nyuma ya kamba ya nguo nikasema moyoni, leo ndiyo basi, leo tunahama. Mzee akafungua mdomo. Akaufunga. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akaona ndara za plastiki za Mama Prodige, za njano, zenye ua juu. Akazivaa. Akapita mbele ya Waridi kama anapita mbele ya mti, akaenda kusali Ijumaa na maua miguuni, mwenye parseli mzima, mbele ya waumini wenzake, na hakusema hata neno moja.

Unacheka, Mzee Chabani? Cheka. Mi siku hiyo sikucheka.

Aliporudi alikaa kwenye gurudumu lake la gari, kimya. Waridi akazunguka uwanja, akazunguka tena. Akamkaribia. Akasimama. Na akaweka kiganja chake juu ya kiganja cha Mzee, kiganja kile chenye grisi isiyotoka hata kwa sabuni gani. Mzee Chabani akasahau kanzu, akasahau umri, akapiga sauti: "WARIDI!" Watu wa parseli ya pili walitoka wakidhani kuna ajali. Na binti yangu akacheka kicheko kilekile. Kilekile, ndugu zangu. Hakuwa ametaka viatu vyetu hata siku moja.

Kuna jambo jingine Madamu alitutaka tusilisahau. Si kila tabia inazimwa namna yetu. Mama Ingrid wa Gihosha yuko hapa, binti yake hurusha sahani akiambiwa apige mswaki. Mama Ingrid alisikia habari zetu, akasema nami nitanyamaza. Akanyamaza, akamwacha aende zake, na sahani zikazidi. Kwa nini? Kwa sababu binti yule hakutaka watu waje, alitaka aachwe. Ukimwacha, umemlipa. Kwake kuzima ni kubaki pale na mswaki, kwa upole, apige kidogo tu kisha apumzike, na kumfundisha kuomba pumziko kwa ishara. Kwa hiyo kabla ya kunyamaza, uliza: mtoto huyu anapata nini? Usipojua, usinyamaze. Kaa kwenye kiti kama Madamu, utazame.

Sasa nakuja kwenye neno lililonileta. Madamu Léocadie, unaondoka. Tangu habari hiyo itufikie, mi silali vizuri. Kufuli lile bado liko kwenye msumari. Uthmani hakulitumia, Mungu amlipe, lakini hakulitoa. Nilipomuuliza alisema, "Madamu akishaondoka, kama mambo yatarudi, tutaona." Na Madamu mwenyewe, kwa kuwa hajui kudanganya, aliniambia: yatarudi siku moja. Makaa yanaweza kukaa chini ya majivu. Yatarudi mahali papya, mbele ya watu wapya, mtoto akijaribu kama njia ya zamani bado inapita. Yakirudi, usiseme kazi imekufa. Fanya ulichofanya, na

Mmesikia. Hicho ni kiatu.

Msigeuke. Mheshimiwa, nakuomba sana, nitazame mimi. Bwana Direkteri, asante. Sauti yangu imebadilika, naisikia mwenyewe, lakini mstari wangu uko hapa na kidole changu kiko juu yake.

Cha pili. Hakuna kitu. Naendelea kusoma.

Baba Waridi, kaa. Kaa, mume wangu. Najua unataka kwenda kuokota, najua unaona haya mbele ya wakubwa hawa. Mi pia naona haya, uso unaniwaka. Lakini tazama vichwa vilivyo mbele yako, tazama hawa watu wote walivyokaa. Shingo zimekauka, hakuna hata moja inayogeuka. Hii ndiyo parseli yetu sasa, imekuwa kubwa. Mama Prodige, ndani ya moyo! Ndani ya moyo, dada yangu, naona midomo.

Madamu Léocadie, nilikuwa nimeandika shukrani ndefu, naona sitazisoma zote. Ulitukuta tukiwa watu wenye huruma nyingi isiyojua pa kwenda. Hukutuambia tupunguze huruma. Ulitufundisha saa yake. Wazazi hawa wamenituma nikuahidi, na mi naahidi: hatutawasha tena. Ukiwa Gitega, ukisikia Kinama kimya, ujue tunafanya kazi.

Anakuja.

Msimtazame bado. Anapita katikati ya mikeka. Amesimama. Mimi mkono wangu huu nimeuachia hapa kando, wazi, karatasi nimeishika kwa mmoja. Bado.

Ameweka. Ameweka kiganja, nyote mnaona, kiko hapa juu ya changu!

Sasa! Sasa geukeni, sasa simameni, Mheshimiwa na wewe, Sheikh, Pasta, Mzee Chabani fungua hiyo sauti, Mama Prodige omba kwa nguvu, sasa ndiyo saa yake. Mwiteni jina lake!

Tena!

Baba Waridi, umesikia? Jioni hii ukifika nyumbani, toa lile kufuli kwenye msumari, umpe Mama Prodige afungie kuku wake. Na msumari ung'oe.

Wageni wetu, viatu vyenu viko huko nje, vingine pengine vimelowa, tutavitafuta pamoja. Asanteni kwa kunisikiliza. Na kwa kutogeuka, asanteni zaidi.